Jibu: Sabuni ya mawese inayochoma mikono

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba uliacha mafuta ya nazi ukahamia mawese bila kubadilisha kipimo cha gramu 180 za kostiki soda kwa kilo moja ya mafuta, na sasa sabuni inachoma mikono.

Anza kukagua kipimo hicho. Kilo ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za soda, lakini kilo ya mawese huhitaji takriban gramu 142 tu, kwa hiyo katika kila kilo umebakiwa na karibu gramu 38 za soda isiyopata mafuta ya kuungana nayo, na hiyo ndiyo inayokula ngozi. Karatasi ya litimasi, ile inayoonyesha tu kama kitu ni asidi au alkali (kinyume cha asidi, kama soda), haitakusaidia kupima, kwani hata sabuni nzuri huigeuza kuwa ya buluu. Tafuta karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali kwa namba, na ukiona 11 au zaidi kwenye povu, usiiuze.

Mimi huiokoa sabuni ya namna hiyo kwa kuikwangua, kuiyeyusha taratibu pamoja na maji kidogo, kisha kuongeza mawese, kwako takriban gramu 270 kwa kila kilo ya awali. Usitie siki, maana huivunja sabuni yenyewe. Tafadhali sana, usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu soda huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, na uvae glavu.

Soda iliyobaki ifunge vizuri, kwani unyevu wa Dar es Salaam huiharibu upesi.