Mwanangu, kuhusu babu yako na hilo jeshi

Mwanangu, meseji yako nimeisoma jana usiku. Unauliza, kwa vile umemaliza unesi na ajira hakuna, uombe jeshini ama usubiri, na babu angesemaje. Babu yako nani alimuuliza? Alichukuliwa tu 1942, vita vya pili vya dunia, akapelekwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika huku Afrika Mashariki) upande wa matibabu, akafundishwa kupima joto, kufunga bendeji, kuchemsha sindano, kubeba machela, na 1944 huyo yuko Burma na Divisheni ya 11, bonde la Kabaw, mvua haikatiki, matope magotini na majeruhi begani. Alikuwa anasema malaria iliwasumbua kuliko Mjapani, kila siku wanamezeshwa mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, chungu, mpaka ngozi inakuwa ya njano.

Unajua nasemaga nesi ni mkono, cheti baadaye. Jirani alipojikata panga mguuni mimi ndo nilishika koroboi. Babu alichemsha maji na chumvi, akayaacha yapoe, akaosha kuanzia katikati ya kidonda kwenda nje, kitambaa kikipita mara moja anatupa anachukua kingine, hana haraka kabisa, na kile kidonda kilifunga bila usaha. Nilijivuna shuleni wiki nzima!

Sasa mtu huyo huyo, niko darasa la tatu, tumeenda wote hospitali kuomba kazi, karani kaisoma ile karatasi ya jeshi (hiyo iliyo kwenye sanduku la shangazi yako) akasema hii ya vita, hapa tunataka cheti, labda ufagie wodi. Mbele yangu. Babu akaikunja akasema asante bwana. Mwanangu naumia mpaka leo. Mkono alikuwa nao na hawakuutaka, kwa hiyo hapo hata mimi sijui nibishane na nani, ila bado nasema nesi ni mkono.

We cheti unacho, hilo la karani halikupati. Lakini jeshi ni jeshi, ile meli ya kubeba wanajeshi, Khedive Ismail, ilitoka Mombasa, Februari 1944 Mjapani akaizamisha, wakafa watu zaidi ya 1,200 na manesi wamo. Babu alikuwa akiitaja ananyamaza. Ningekuwa na uwezo ningekwambia... haya, sisemi, umeshakuwa mtu mzima. Ila fomu usipeleke kabla ya Jumapili, njoo tuongee na baba yako.