Mzee wa Kaseti Anajibu: Nyumba ya Freddie, Shangani

SWALI: Shikamoo Mzee. Likizo hii tunavuka kwenda Unguja, na binti yangu wa miaka 14 hana wimbo ila wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza. Anataka tumpeleke makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wao. Shoga yangu aliyewahi kufika anasema ni padogo, picha ukutani, nusu saa umeshatoka. Baba yake naye anabisha kwamba huyo ni Mwingereza, Wazanzibari wanamdandia tu. Twende, au tukaogelee?
Mama wa binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuogelea mtaogelea, bahari haina saa ya kufungwa.

Nianze na mzee mwenzangu, baba wa binti, maana huyo ni mwepesi. Freddie, jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Wazazi wote wawili ni Waparsi wa asili ya India. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Akarudi Unguja 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yakawakuta hapo, familia ikafungasha kwenda Uingereza, kijana ana miaka 17. Hilo la Mercury alijipa mwenyewe mwaka 1970, Queen ilipoanza. Sasa nani kamdandia nani?

Shoga yako hajakudanganya. Ni nyumba moja tu, Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, barabara ya Kenyatta, iliyofunguliwa kuwa makumbusho Novemba 2019, miaka 28 baada ya Freddie kufariki. Kabla ya hapo ukimwuliza papasi yeyote wa Mji Mkongwe nyumba ya Freddie ni ipi, kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kukuonyesha.

Ila ukiingia humo ukitafuta lile taji lake la jukwaani na joho, utatoka na kisirani. Mali yake ilibaki London, katika nyumba aliyomwachia rafiki yake Mary Austin, na huyo mama aliitunza miaka thelathini na ushei. Septemba 2023 ikapigwa mnada Sotheby's: vitu zaidi ya 1,400, jumla karibu pauni milioni 40. Piano aliyotungia "Bohemian Rhapsody" peke yake ilikwenda kwa pauni milioni 1.7. Hata mlango wa bustani, ule wa kijani ambao mashabiki waliuchorachora kwa kalamu, ulipata zaidi ya pauni 400,000. Mlango! Na Mji Mkongwe kwa milango ndiyo usiseme. Kwa bei hizo, nyumba ndogo ya Shangani ingenunua nini?

Kwa hiyo picha ndizo mali, na picha zinataka kusomwa. Mimi nimewarekodia watu kaseti miaka ishirini, Queen nikiwajua kwa lile karatasi la ndani ya kasha, nyuso ndogo kuliko ukucha. Nilipokwenda Shangani nikaamua kuangalia kitu kimoja tu: mdomo. Freddie alizaliwa na meno manne ya ziada taya la juu, yakayasukuma ya mbele nje. Pesa za kuyatoa alikuja kuwa nazo, lakini hakukubali, akihofia sauti yake itaharibika. Basi anza na za utotoni, shuka nazo mpaka shuleni, mpaka jukwaani. Kila moja mwulize binti: mdomo umefungwa au uko wazi? Mkono uko wapi? Akiwa anaimba, unaona mpaka kilimi, hana habari na mtu. Akiwa amekaa tu na wenzake, mdomo wa juu unavutwa chini kama pazia. Halafu unafika 1980, zinaingia sharubu, na pazia limepata msaidizi.

Picha moja ilinishika mpaka nikainama, paji la uso likagonga kioo. Kijana wa zamu akakohoa. Nikarudi hatua moja, na pale kwenye kioo kikabaki kidoa cha mafuta, duara kama senti. Nikakifuta kwa kofia, kikazidi kuenea. Wakati huo saa nzima ilishapita, na nilikuwa bado sijamaliza kuta zote.

Nendeni asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajaamka. Padogo pakijaa mnaangalia migongo. Usimruhusu binti apige mbio kutafuta onyesho la uwanja wa Wembley, London, Wembley ipo kwenye simu yake. Na baba yake mpeni kazi ya kuwasomea maelezo ya ukutani kwa sauti. Akifika kwenye 1946 na neno Zanzibar, msicheke, mwacheni asome hadi nukta.