Chavua ya nyuki: kabla hujachota kijiko

Kopo lilikuwa dogo, la plastiki nyeupe, na ndani yake punje za njano, za kahawia na nyingine rangi ya chungwa, utadhani mtama umemwagikiwa na ulezi. Muuzaji alinikuta hapa Tabora mjini nikinunua asali. Akasema hii ni chavua, ule unga wa maua unaokusanywa na nyuki, inaondoa presha, sukari, vidonda vya tumbo, uchovu, na mambo fulani ya kiume ambayo mke wangu aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa na uchovu wa mwezi mzima. Nikalipa.

Nyumbani nikachota vijiko viwili vikubwa, nikatafuna, nikashushia maji. Utamu kidogo, harufu ya maua makavu, halafu uchungu kwa mbali. Robo saa haikuisha koo likaanza kuwasha, midomo ikavimba kama nimeng'atwa na siafu, kifua kikabana. Mke wangu hakungoja kuambiwa, akaita bodaboda. Zahanati nikachomwa sindano, nikakalishwa kwenye benchi niangaliwe mpaka jioni. Daktari akauliza kama nina aleji. Nikasema sina. Pumu je? Nikasema ya utotoni tu. Akanitazama.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye pumu, au unayeshikwa na mafua na macho kuwasha kila maua yanapochanua, au uliyewahi kuvimba mwili mzima kwa kuumwa na nyuki: hii kitu iache mpaka uongee na daktari. Wewe ambaye huna hayo yote, anza na punje moja. Nasema punje, zile zinazohesabika. Iweke ulimini, usubiri mpaka kesho, ndipo uongeze mbili tatu. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin, nao wamuulize daktari kwanza. Kichanga usimpe kabisa, kama ambavyo hapewi asali kabla ya kutimiza mwaka.

Wiki iliyofuata nikaenda Sikonge kwa mjomba, ambaye amerina asali tangu sijazaliwa. Baada ya shikamoo nikamweleza. Akasema, "Mpwa wangu, umekula chakula cha watoto wa nyuki kwa vijiko kama uji wa msibani?" Ndivyo ilivyo hasa. Nyuki akitua kwenye ua, unga wake unamganda manyoya. Anaukusanya, anaulowesha kwa mbochi, yale maji matamu ya ua, na kuufinyanga vidonge viwili kwenye miguu ya nyuma. Mzingani unashindiliwa kwenye sega na kuchacha kidogo, na ndio unaolisha nyuki wanaolea majana, yaani watoto wa nyuki. Binadamu akiutaka anaweka mtego mlangoni mwa mzinga: wavu wenye matundu ya kama milimita 5. Nyuki anajipenyeza, vidonge vinabaki nje na kudondokea kwenye kidroo.

Mjomba mitego anayo miwili tu, kwenye mizinga yake ya kisasa. Ile ya magome iliyoko juu ya miti haigusi kwa kazi hiyo. Na hata hiyo miwili huiondoa baada ya siku chache, maana ukiing'ang'ania majana yanakosa chakula na kundi linadhoofu.

Akaniletea yake kwenye sahani ya bati. Akazimwaga, zikalia kama changarawe. "Sasa lete ya kwako." Kopo langu tulilipindua, hakikutoka kitu. Tulipogonga kitako likadondoka bonge moja, na upande wa chini lilikuwa na manyoya ya kijivu. Ukungu. Chavua mbichi ina maji mengi, inaweza kufika robo ya uzito wake, na kwa joto letu haichelewi kuharibika. Inatakiwa kukaushwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, mbali na jua kali, kisha ifungwe isipitishe hewa. Ukifinya punje mbili zikagandana, mrudishie mwenyewe. Muulize pia mizinga iko wapi. Kwetu huku tumbaku ni nyingi, nayo hupigwa dawa, na dawa haichagui kati ya jani na ua. Mjomba mizinga yake iko ndani ya miombo, mbali na mashamba, na muuzaji asiyejua maua ya chavua yake yalikuwa wapi mimi namuaga mapema.

Kuhusu lishe, sibezi. Chavua ina protini, kwa kawaida kama gramu 20 katika kila gramu 100, ingawa inapanda na kushuka kulingana na ua, na ina vitamini kadhaa za kundi B na madini. Lakini piga hesabu: kijiko cha chai ni kama gramu 5, yaani protini gramu 1. Yai moja lina gramu 6 hivi. Na dagaa wa Kigoma, wale wakavu wa sokoni, sitaki hata kuwalinganisha, wataonekana wanajisifu. Anayeipenda chavua ailoweke usiku kwenye mtindi, maana ganda la chembe zake ndogo ni gumu na tumbo linalisumbukia. Mke wangu hula hivyo, kijiko kimoja asubuhi, na anasema anapenda ladha. Hiyo ni sababu ya kutosha kwangu.

Kinachonikera ni ile orodha ya magonjwa. Shangazi yangu ana kisukari, naye alinunua kwa yuleyule muuzaji akaweka vidonge vyake vya kisukari kabatini siku tisa. Chavua yenyewe sehemu kubwa ni wanga na sukari! Tulimbembeleza hadi akarudi kliniki, na mpaka leo anasema kosa lilikuwa la mashine ya kupimia.

Na ule uchovu wangu? Siku ileile ya benchi daktari alinitoa damu. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 9.4, na kwa mwanaume inatakiwa kuanzia 13. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo.