Jibu: Binti wa miaka 13 amevunja ungo, sasa miezi miwili haoni siku zake

Salaam mama. Unasema binti aliona siku zake mara mbili, kisha miezi miwili kimya, na una hofu. Binti yangu mkubwa naye alinipitisha hapo hapo.

Yai likishatoka kwenye ovari, homoni ya projesteroni huushikilia utando uliojijenga ndani ya mfuko wa uzazi. Mimba isipotunga, baada ya wiki kama mbili homoni hushuka, utando unabomoka na kutoka pamoja na damu. Sasa kwa msichana aliyeanza juzi, miezi mingine yai halitoki kabisa, ndiyo maana siku zinaruka, na zikirudi damu inaweza kuwa nyingi. Miaka ya mwanzo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni kawaida.

Kwanza kaa naye faragha, muulize kwa upole, bila vitisho, kama kuna mtu amemgusa. Ukiwa na shaka, apimwe mimba. Angalia pia kama amekonda ghafla. Mpe kalenda aweke alama siku ya kwanza ya damu. Miezi mitatu ikipita bila kuona, au pedi ikilowa chapachapa kila saa moja au mbili, mpeleke hospitali. Dawa za mitishamba za kufungua siku, tafadhali usimpe.