Re: Shimo jeusi halitoi mwanga, sasa Hubble ililijuaje?

Mkuu wa Tukuyu, umeuliza kama shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali mno, halitoi mwanga, wanaastronomia walijuaje kwamba lipo katikati ya galaksi ya M87? Hawakuliona lenyewe. Walipima gesi inayolizunguka.

Mwaka 1994, miezi michache tu baada ya wanaanga kwenda kuikarabati Hubble, darubini iliyoko angani, wanaastronomia Holland Ford, Richard Harms na wenzao walichambua mwanga wa gesi hiyo, takriban miaka ya nuru 60 kutoka kwenye kiini cha galaksi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Upande mmoja mwanga ulikuwa umesogea kwenye bluu, upande wa pili kwenye nyekundu. Fikiria honi ya lori pale Uyole: likikujia sauti ni kali, likishakupita inakuwa nzito. Basi gesi ya upande wa bluu inatujia, ya upande wa nyekundu inakwenda zake, kwa kilomita 550 hivi kwa sekunde! Kwa mwendo huo ingeshatawanyika zamani, ila kuna kitu kizito mno kinaishika. Hesabu zao zilitoa uzito wa Majua kama bilioni 3. Picha maarufu ya 2019 ya shimo hilo ikapandisha hadi bilioni 6.5.

Wanaosema humu kwamba picha hizo ni katuni za kompyuta, wajifunze kwanza spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake.

Ukipata darubini, jaribu kuitafuta M87 jioni za Mei, kundi la nyota la Mashuke, ilimo galaksi hiyo, likiwa juu upande wa kaskazini. Mawingu ya kwenu yakigoma, sogea Makambako na koti zito. Utaona doa hafifu tu. Gesi yenyewe usitegemee kuiona, M87 iko miaka ya nuru kama milioni 55 kutoka hapa.