"Mungu ibariki" au "Mungu aibariki"? Ubishi wa kijiweni Tabora

SWALI: Shikamoo mwalimu. Hapa kijiweni kwetu jirani na stesheni ya Tabora tumebishana sana. Mwenzetu mmoja anasema wimbo wa taifa una kosa, ilitakiwa iwe "Mungu aibariki Afrika", maana "ibariki" ni kama tunampa Mungu amri. Afu akaongeza kwamba ndo maana Watanzania tumekalia kuombaomba tu wakati Wakenya wanaimba "natujenge taifa letu". Je, ni kweli wimbo unaonyesha tabia ya watu?

JIBU: Marahaba. Tuanze na sarufi. Kosa hakuna. Hiyo "i" siyo ya Mungu, ni ya Afrika, ni kiambishi cha mtendwa, kama unavyomwambia mtoto "shati hilo lifue" au "barua hiyo isome". Kinachowachanganya watu ni ule mwisho: fua inakuwa lifue, soma inakuwa isome, ila bariki ina asili ya Kiarabu na vitenzi vya namna hiyo havibadiliki mwishoni, kwa hiyo inabaki bariki vilevile na mtu anakosa alama ya kumsaidia.

"Mungu aibariki Afrika" nayo ni Kiswahili safi, ila ni sentensi nyingine. Hapo huongei na Mungu, unaongea na watu habari za Mungu, kama yule bibi uliyemtwisha ndoo yake ya maembe sokoni anavyokwambia "Mungu akubariki mwanangu", anaongea na wewe. Sisi kwenye wimbo tunaongea na Mwenyewe moja kwa moja. Ingewekwa mkato baada ya "Mungu" msingebishana, Wakenya wao wameweka kabisa "Ee Mungu" na hakuna anayeuliza. Na suala la amri lisiwasumbue, mtu akikwambia "nisaidie kaka" hajakuamuru, umbo ni lilelile, sauti ndo inatofautisha.

Haya, tabia sasa. Hapa jamaa yenu kaharakisha. Wimbo wenyewe asili yake siyo kwetu, aliutunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, mwaka 1897, kwa Kixhosa, na ulikuwa sala tangu mwanzo. Tanganyika tukauchukua 1961. Zambia wakachukua melodi hiyohiyo wakaweka maneno yao, wao wanaambiana wasimame waimbe habari za nchi yao, kwa hiyo kama tabia inakaa kwenye melodi basi sisi na wao ni mapacha. Kongo ndo usiseme: wimbo wa 1960, Mobutu akaja kuweka mwingine 1971, ule wa zamani ukarudi 1997, na sidhani kama watu wa Kalemie waliamka siku moja wakakuta wamebadilika tabia.

Halafu Wakenya kawanukuu nusu. Ubeti wao wa kwanza ni ombi kama letu, "ilete baraka kwetu", hiyo "ilete" ni ndugu wa damu wa "ibariki". Ubeti wa pili ndo wanageuka, "amkeni ndugu zetu", ile "ni" ya mwisho inaonyesha sasa wanaambiwa watu wengi, na wa tatu wanajiambia wenyewe "natujenge". Sisi hatugeuki. Kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho msikilizaji ni Mungu tu, na hiyo ni tofauti ya kweli, jamaa yenu kaiona ila kaisoma vibaya, maana anayemwomba Mungu hekima na umoja hajasema hatafanya kazi.

Mi nikitafuta tabia yetu naenda kwenye vitu vidogo zaidi. Angalia "wabariki viongozi wake" afu chini "tubariki watoto wa Afrika". Viongozi ni "wa", sisi ni "tu". Wao wanaombewa kwanza, sisi tunajitaja mwishoni, na tunajitaja kama watoto (kuna wanaoimba "wabariki watoto", hapo wanajitoa wenyewe kwenye baraka bila kujua). Hiyo ni adabu yetu ya mkubwa kutangulia na ina uzuri wake, ila kwa maoni yangu ndo hiyohiyo inayotufanya tuwaachie viongozi mambo mengi mno.

Na hekima kutajwa kabla ya umoja na amani, nyie wa Tabora ndo wa kwanza kuelewa. Mwaka 1958 mkutano wa TANU ulifanyika hapohapo kwenu, Mwingereza kaleta kura tatu, yaani mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa mpigo, wengi wanataka kususia, Nyerere akawashawishi waingie hivyohivyo, TANU ikashinda, na mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Sisemi wimbo ulitokana na mkutano. Nasema watu waliopita njia ile walikuwa na uwezo wa kuchagua wimbo wa silaha na damu kama ule wa Wafaransa wa 1792, wakachagua sala, na kwangu mimi uchaguzi ule unasema mengi kuliko mtunzi.

La mwisho hamkuniuliza ila nalisikia kila mara watoto wakiimba mstarini. "Dumisha uhuru na umoja, wake kwa waume na watoto." Wengi wanaunganisha "umoja wake", na sarufi inawaruhusu kabisa, maana umoja wake ni sahihi. Kumbe "wake" hapo ni wanawake, na "kwa" ni pamoja na, kama tunavyosema wakubwa kwa wadogo, matajiri kwa maskini. Kwa hiyo walimu wawafundishe kuvuta pumzi kabla ya "wake", maana ukiunganisha wanawake wanapotea kwenye sentensi, wanabaki waume na watoto.