Waya umefika Lubumbashi, fakture italipwa na nani?

Mwezi uliopita niliandika juu ya pengo la kidijitali, yaani umbali kati ya wenye intaneti na wasio nayo, na juu ya nchi zinazoahidi kutusaidia kulivuka. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua saba, yaliyofanana nimeyaunga.

Mwalimu wa komine ya Ruashi, hapa Lubumbashi, anauliza: *Miaka mitatu iliyopita marafiki wa Ulaya walitupatia kompyuta 15. Leo zinawaka 4. Sasa kundi lingine linataka kutuletea 20. Prefe, mkuu wetu wa shule, anasema zawadi haikataliwi. Wewe unasemaje?*

Mwalimu, kubalini, ila kabla ya kutia sahihi muulizeni mfadhili: mwaka wa tatu nani atalipa? Umeme, fundi, mega za intaneti, betri inayokufa. Akijibu kwamba hayo ni yenu, basi ombeni kompyuta 8 badala ya 20, na makuta, yaani pesa, yanayobaki yageuzwe paneli za jua, betri na mshahara wa fundi mmoja anayekaa Lubumbashi hapa hapa.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilifundisha mwaka mmoja katika shule ya Katuba yenye kompyuta 12. Zilifunikwa vitambaa vya kudarizi, kama viti vya sebuleni vinavyongoja mgeni. Ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja. Umeme ulirudi usiku, watoto wamelala, na siku nyingine uliporudi ulirudi na nguvu ya kuunguza. Moja ikafa, ya pili ikafuata. Hakuna aliyeiba wala aliyefanya uovu. Hakukuwa na kifaa cha kusawazisha umeme cha bei ndogo tu, na programu za masomo zilikuwa katika lugha ambayo si sisi walimu wala watoto tuliijua. Nimewaona watoto wa darasa la sita wakichora kibodi kwenye karatasi ili wajifunze pa kuweka vidole, huku kibodi zenyewe zimelala chini ya vitambaa. Picha hiyo haijanitoka.

Si Congo peke yake. Peru iligawa zaidi ya kompyuta ndogo 800,000 kwa watoto wa shule, kwa mpango wa One Laptop per Child uliotangazwa mwaka 2005 kwamba utabadilisha elimu ya maskini. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo kutoka shule 319 za vijijini. Watoto walikuwa wamezoea kompyuta, ndiyo, lakini alama zao za hesabu na za lugha hazikupanda. Mashine ilifika, mafunzo ya mwalimu hayakufika nayo.

Jambo moja zaidi, ambalo ningependa ulipeleke kwa prefe. Ulizeni kompyuta hizo zina umri gani. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na ni chini ya robo iliyokusanywa na kuchakatwa kwa njia inayojulikana. Sehemu ya mzigo huo husafiri ikiitwa msaada. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za aina hiyo zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Kompyuta isiyowaka ni taka, hata ikiwa imefungwa utepe. Mfadhili azijaribu zote kabla ya kuzipakia, na awape orodha.

Na msingoje intaneti ndipo muanze. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix, inayosimamiwa na shirika la Uswisi, inayoweka Wikipedia nzima ya Kiswahili au ya Kifaransa ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu. Mtu anaipakua mara moja mjini, kisha darasa zima linasoma bila kununua hata mega moja. Kwa shule ya Ruashi ningeanzia hapo.

Mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anauliza: *Yaya, tunaambiwa faiba inapita Lubumbashi tangu zamani. Mbona forfe, yaani vifurushi vya mega, bado zinatumaliza?*

Mdogo wangu, fuata njia ya waya. Intaneti ya dunia husafiri chini ya bahari. Upande wa mashariki, kebo ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Upande wa magharibi, Congo ina kipande kidogo cha pwani kisichofika kilomita 50, na hapo Muanda ndipo kebo ya WACS, inayotoka Afrika Kusini hadi Uingereza, ilizinduliwa kwa ajili yetu mwaka 2013. Sisi tuko mbali na bahari zote mbili. Kutoka Kinshasa peke yake hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti ya mji huu imezoea kuja kwa kusini: bandarini, kupitia Zambia, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Kila nchi inayopitiwa ina mwenye waya wake, na kila mwenye waya ana bei yake. Ni kama gunia la unga wa bukari: shambani lina bei moja, likifika soko la komine yetu ya Kenya lina nyingine, na katikati hakuna aliyelibeba bure. Ongeza mafuta ya jenereta za minara pale umeme wa kampuni ya SNEL unapokosekana, ongeza kodi, ndipo unapata bei ya forfe yako.

Sasa hapo ndipo ushirikiano wa nchi una maana ya kweli, na ni ule usiopigwa picha. Mawaziri wawili wakikubaliana juu ya ada ya waya kuvuka mpaka, bei inashuka kwa watu wote, hata kwa yule asiyejua kwamba mkutano ulifanyika.

Nikupe mfano wa karibu. Zamani, ukituma barua pepe kutoka Kampemba kwa rafiki wa Kamalondo anayetumia kampuni nyingine, ujumbe ungeweza kwenda Ulaya kwanza ndipo urudi, na safari zote mbili zililipiwa kwa dola. Dawa yake ni kituo cha kubadilishana, chumba kimoja ambamo kampuni zinaunganisha nyaya zao ili ujumbe wa mji ubaki mjini. Kinshasa ilipata kituo chake, KINIX, mwaka 2012, na Lubumbashi nayo ina LUBIX. Internet Society, shirika la kimataifa, lilichangia vifaa na mafunzo, lakini mafundi wanaokiendesha ni Wakongomani. Ningekuwa mimi ninayechagua kazi ya mwisho wa masomo, ningekwenda kupima ni kiasi gani cha mawasiliano ya UNILU bado kinazunguka ng'ambo. Chuo kikihifadhi masomo na vitabu vyake kwenye seva ya hapa, safari hiyo inafupika.

Mfanyabiashara wa Kasumbalesa anauliza: *Nikivuka kwenda Chililabombwe, upande wa Zambia, yuniti zangu zinaisha kwa dakika chache. Si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa?*

Tuko, Papa, tangu 2022. Lakini Zambia haimo. Mpango wa jumuiya hiyo wa kupunguza bei ya simu ukiwa nchi jirani, ulioanza mwaka 2014 na Kenya, Uganda na Rwanda, haukufuati Chililabombwe. Na Zambia tunakutana katika jumuiya za SADC na COMESA, basi huko ndiko chama chenu cha wafanyabiashara kipeleke malalamiko. Kwa sasa nunua kadi ya Zambia, uitunze.

Msomaji wa Kolwezi anauliza: *Baba yangu ni mchimbaji. Kobalti ya simu za dunia inatoka hapa, na mimi natumia simu ya kuazima. Huo ushirikiano wa kimataifa ni upi?*

Swali lako nimelisoma mara nyingi, ndugu, na sitaki kulijibu kwa maneno matamu. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na bila kobalti betri nyingi za simu na kompyuta zisingekuwa kama zilivyo. Inaondoka hapa ni mawe na unga, inarudi ni simu yenye bei ya Ulaya. Pengo la kidijitali lilianza zamani, kabla ya intaneti, pale tulipokuwa wa kuchimba na wengine wa kutengeneza.

Na sisi wenyewe tumelipanua. Mwaka 2020 serikali ilileta kodi ya RAM, ya kusajili simu, ikakata yuniti kwenye simu za watu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu yenye intaneti. Mama wa komine ya Kenya aliyeweka yuniti za kumpigia mwanawe mgonjwa alizikuta zimekatwa. Watu walilalamika, wabunge walilalamika, na mwaka 2022 ikaondolewa. Naikumbusha kwa sababu hatuwezi kuomba dunia itupunguzie bei huku sisi tunaiongeza.

Lakini kuna mlango ambao wachache wanaupiga hodi. Sheria ya madini ya 2018 inaitaka kila kampuni ya uchimbaji itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakazi wa eneo lake. Tena, katika ushuru wa madini, asilimia 15 ni ya mamlaka ya pale pale mgodi ulipo, asilimia 25 ni ya jimbo. Na ushuru wa kobalti ni asilimia 10, kwa kuwa ilitangazwa madini ya kimkakati. Makuta haya hayatoki kwa mfadhili, ni haki iliyoandikwa. Wakazi wana wawakilishi katika chombo kinachosimamia ile asilimia 0.3. Visima na madarasa vinaombwa, na vema. Chumba cha kompyuta chenye umeme wa jua na fakture ya intaneti ya miaka mitano ni mradi wa maendeleo vilevile. Wakiandika orodha ijayo, uwe kwenye kikao, na uulize kwa sauti hesabu ya mwaka uliopita.

Muuguzi aliye kaskazini mwa jimbo la Haut-Katanga anauliza: *Starlink, ile intaneti ya satelaiti, itatufaa?*

Itakufaa wewe kuliko mtu wa mjini. ARPTC, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliikataza Machi 2024, kisha Mei 2025 ikaipa leseni. Pale ambapo hakuna mnara wala waya, satelaiti inaweza kumfikisha daktari wa Lubumbashi kwenye kitanda cha mgonjwa wako kwa picha. Sahani moja kwa kituo cha afya, shule na soko, wakichangia fakture, hapo naiona inaweza kudumu. Kwa nyumba moja ya mshahara wa kawaida ni ghali. Na kampuni moja ya ng'ambo isiwe njia pekee ya mkoa mzima. Siku ikizima, nyote mnazimika.

Mzee mstaafu wa Kamalondo anauliza: *Nimesikia mikutano hii tangu nikiwa na nywele nyeusi. Imeleta nini?*

Papa, una haki ya kuchoka. Mikutano ya Umoja wa Mataifa juu ya jamii ya habari ilifanyika Geneva 2003, Tunis 2005. Mwaka huo wa 2005 ulianzishwa mfuko wa mshikamano wa kidijitali, wazo la Rais Wade wa Senegal: anayeshinda zabuni ya serikali ya vifaa vya mawasiliano atoe asilimia 1 kwa nchi maskini. Nilidhani ni wazo zuri, na bado nadhani hivyo. Matajiri hawakulifuata, na mfuko ukafungwa baada ya miaka michache. Malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa yalitaka nchi maskini zaidi ziwe na intaneti ya bei nafuu ifikapo 2020. Mwaka ulipita. Kwa hesabu ya 2025 ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, watu bilioni 2.2 bado hawatumii intaneti.

Hata hivyo kuna kipimo kimoja ambacho nakitunza: tume ya ITU na UNESCO ilisema intaneti ya msingi iwe chini ya asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Pale ambapo wastani ni dola 100, bei isifike dola 2. Hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya mezani kwake na kumwonyesha mbunge wake.

Na mama muuza mboga wa Katuba, aliyeandikiwa na mjukuu wake: *Sijui kusoma Kifaransa. Simu ni ya mwanangu. Haya mambo yananihusu?*

Yanakuhusu kuliko wengi, Mama. Mambo mengi ya simu yameandikwa kana kwamba wewe haupo. Ndiyo maana nafurahia kazi kama Common Voice ya Mozilla, inayokusanya sauti za watu ili mashine zijifunze kusikia lugha zao, Kiswahili kimo. Mjukuu wako anaweza kuchangia sauti yake, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ili siku moja simu ikusikie unavyosema na isikulazimishe kusema kama mtu wa Unguja.

Kwa leo, mwambie mwanao akuonyeshe kitu kimoja tu, kutuma ujumbe wa sauti: kushika alama ya kipaza sauti, kusema, na kuachia. Kwa hicho utamuuliza muuzaji wa jumla wa Kasumbalesa bei ya nyanya kabla hujatoa nauli. Namba ya siri ya makuta yako usimpe mtu, hata huyo mwanao. Na ukitaka kuniuliza tena, usitafute wa kukuandikia. Nitumie sauti, nami nitakujibu kwa sauti.